Uzi maalumu: maneno ya kwenye boksi la deki, sabufa na TV, kila neno linakaa wapi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Karibu kila wiki humu kuna mtu anauliza: "Nichukue sabufa ya 5.1 au yenye Dolby?" Wachangiaji wanagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga, kumbe tatizo liko kwenye swali lenyewe. Ni sawa na kuuliza uchukue gari la milango mitano au la dizeli. 5.1 ni hesabu ya chaneli za sauti. Dolby Digital ni namna sauti ilivyofungwa kabla haijafika kwako. Unaweza kuwa na vyote viwili, na unaweza kuvikosa vyote.

Naandika kwa sababu nilikaa miaka mitatu na vyombo vizuri sebuleni bila kuvisikia. Deki yangu ilikuwa na matundu sita ya sauti kwa nyuma, yameandikwa FL, FR, SL, SR, C na SW. Sabufa nayo ilikuwa na matundu sita, herufi zilezile. Fundi aliyenifungia alipitisha nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe, akabonyeza muziki, spika zote tano zikalia, nikamlipa akaenda zake. Nikaridhika, maana zilikuwa zinalia. Siku moja nimevuta kabati kufagia, ndipo nikaona matundu manne ya deki na manne ya sabufa yamejaa vumbi, yanatazamana. Nilinunua jozi mbili zaidi za nyaya, nikaunganisha kila herufi na mwenzake, nikaingia kwenye menyu ya deki palipoandikwa "Downmix", nikatoa "Stereo" nikaweka "5.1CH". Kisha nikaweka filamu niliyokwisha kuiona mara nyingi. Kuna sehemu mvua inanyesha. Miaka yote ile nilikuwa nikiisikia mbele pamoja na kila kitu, kumbe waliotengeneza sauti waliinyeshea nyuma ya kochi.

Tangu siku hiyo, nikiona neno lolote kwenye boksi nauliza kwanza linakaa wapi. Ni la diski? Ni la namna picha au sauti ilivyofungwa ndani ya diski? Ni la waya? Au ni la kile kifaa cha mwisho kinachotoa sauti na picha? Ukishajua linapokaa, muuzaji hakuyumbishi tena.

Nianze na diski. CD, DVD na Blu-ray zote zina upana wa sentimita 12, ndiyo maana mtaani zote tunaziita CD. Tofauti yao ni leza inayosoma. CD, iliyoletwa na Philips na Sony mwaka 1982, inasomwa kwa mwanga wa nanomita 780 ambao jicho halioni. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, inatumia leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray ya mwaka 2006 inatumia nanomita 405, mwanga wa buluu unaoelekea zambarau, na jina lake limetoka humo. Mwanga ukiwa na mawimbi mafupi unasoma vishimo vidogo zaidi, na vishimo vikiwa vidogo vinaingia vingi. Kwa hiyo kutoka MB 700 za CD tukafika GB 4.7 za DVD ya tabaka moja, kisha GB 25 kwa kila tabaka la Blu-ray.

VCD haikuwa diski mpya. Ilikuwa CD ileile iliyowekewa picha mwaka 1993, kwa ufungaji wa MPEG-1, nukta (vidoa vinavyounda picha) 352 kwa 288, sauti ya stereo. Ilibeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilikatwa diski mbili. Waliokulia vibanda umiza wanaikumbuka ile giza ya katikati, watu wanapiga miluzi na mwenye kibanda anahangaika kubadili diski.

DVD ndiyo iliyotufungulia mlango. Nukta 720 kwa 576, ufungaji wa MPEG-2, picha inaruhusiwa kwenda mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde wakati VCD ilikuwa na 1.15, na sauti inaweza kuwa ya chaneli sita. Diski ya tabaka mbili inabeba GB 8.5. Hiyo ndiyo ambayo filamu ikifika katikati inasimama nusu sekunde halafu inaendelea. Wengi wanadhani imekwaruzika. Ni leza inahama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili.

Nitaendelea na sauti. Ulizeni hapahapa.

kambi_ya_usiku

Naweka kambi. Mkuu, mimi nina DVD zile za filamu 20 ndani ya diski moja na zinacheza fresh tu. Sasa hizo GB zote za nini?

Mleta uzi

Mkuu, tupige hesabu. GB 4.7 ni kama MB 4,700. Gawa kwa 20 unapata MB 235 kwa filamu. Filamu ileile kwenye diski yake halisi ya tabaka mbili inaweza kuchukua GB 6 au 7, yaani mara 25 mpaka 30. Kilichopunguzwa lazima kitoke mahali. Kwenye TV ndogo ya kichogo huoni. Ihamishie kwenye TV ya inchi 43, tafuta tukio la usiku, tazama ukuta wenye kivuli: utaona giza limekatika vipande vya mraba vinavyotembea. Na sauti ya humo karibu kila mara ni stereo iliyobanwa. Ukiunganisha matundu yote sita, spika za nyuma hazitapata kitu chao wenyewe, kwa sababu kwenye diski hakuna.

wa_darajani

Shukrani kwa uzi. Ami yangu alonilea yuko Maskati, kaniletea DVD za asili kabisa, lakini deki yangu yaandika "Wrong Region". Na nyengine kutoka Marekani, picha kwenye TV ya zamani yaja nyeusi na nyeupe na inapanda juu. Diski zimeharibika?

Mleta uzi

Hazijaharibika hata moja. Hayo ni mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kanda za mauzo. Watengeneza filamu waliigawa dunia ili diski ya sehemu moja isichezwe kwingine. Oman na Ghuba yote wako kanda ya 2 pamoja na Ulaya na Japani. Tanzania na Kenya tuko kanda ya 5, Marekani na Kanada kanda ya 1. Deki nyingi za bei nafuu hukubali kanda zote, lakini yako imefungwa kwenye moja. Tafuta deki iliyoandikwa kanda zote, au 0. Blu-ray ina mgawanyo wake wa herufi: Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati wote ni B, hivyo Blu-ray ya ami yako itacheza kwenye mashine ya kwetu. Blu-ray ya 4K haina kanda kabisa, na hilo mimi nalipenda sana.

La pili ni PAL na NTSC. Sisi tulirithi PAL, picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani ni NTSC, karibu picha 30. TV ya zamani iliyojengwa kwa PAL peke yake ikipewa NTSC inapoteza rangi au picha inapanda. Kwenye menyu ya deki tafuta "TV Type", weka "PAL" ili deki yenyewe igeuze. TV bapa za sasa zinapokea zote.

Jambo moja wengi hawalijui: sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ili iingie kwenye PAL iliongezewa mwendo mpaka 25. Kwa hiyo filamu ya dakika 120 kwenye DVD yetu inaisha kwa dakika 115, na kama sauti haikurekebishwa, waigizaji wanasikika wembamba kidogo. Ukishalijua utalisikia.

Mleta uzi

Sasa sauti, ambayo ndiyo iliyonileta.

2.0 ni stereo, spika ya kushoto na kulia. 2.1 ni hizo pamoja na besi. 5.1 ni mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ".1" ni chaneli ya besi peke yake, inayobeba mitetemo ya chini tu, mpaka hezi 120. Imeandikwa nukta moja kwa sababu haibebi sauti nzima kama zile tano. Chaneli ya katikati ndiyo yenye maongezi. Ukisikia mtu analalamika kuwa kwenye filamu milipuko inatikisa nyumba lakini maneno hayasikiki, mwambie aangalie waya wa spika ya katikati kabla hajalaumu kitu kingine.

Hizo ni hesabu za chaneli. Majina kama Dolby Digital na DTS ni ya ufungaji. Chaneli sita zikiachwa wazi ni mzigo mkubwa, kwa hiyo zinabanwa kwa kutupa kile ambacho sikio halitakikosa sana. Dolby Digital kwenye DVD inaishia kilobiti 448 kwa sekunde. DTS huwekwa mara nyingi kwa kilobiti 754. Watu wanabishana ipi bora kwa kutazama namba tu. Mimi nimezisikiliza zote kwa miaka, na naamini mchanganyaji wa sauti alivyofanya kazi yake studio kuna uzito zaidi kuliko hiyo tofauti.

Blu-ray ikaleta kundi la pili: Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Hizi nazo zimebanwa, lakini hazitupi kitu. Fikiria nguo zilizokunjwa sandukuni: ukifungua zinarudi zilezile bila kukosa hata kifungo. LPCM nayo haijabanwa kabisa.

Dolby Atmos iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, kisha ikaja nyumbani. Hapa mchanganyaji haishii kugawa sauti kwa chaneli. Anaweza kuandika kwamba helikopta ipo juu, inatoka kushoto kwenda kulia, na mashine yako inapima spika ulizonazo na kuamua ipi ilie. Ndiyo maana utaona namba tatu, mfano 5.1.2: tano za kuzunguka, moja ya besi, mbili za juu.

jamaa_wa_ng'ambo_ya_Namanga

Huku Kenya tunaita wufa. Nimeona moja imeandikwa watts 12,000 PMPO na bei ni poa. Hiyo si itabomoa nyumba?

Mleta uzi

Ndugu yangu, geuza hiyo wufa, tafuta kile kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Kwenye yangu, boksi kwa mbele lilijaa maelfu kama hayo, na kibandiko cha nyuma kilisema: 220-240V, 50Hz, 65W. Chombo kinachokula wati 65 kutoka ukutani hakiwezi kutoa sauti ya wati 12,000, na hata katika hizo 65, sehemu inageuka joto.

Pima kwa njia nyingine. Soketi zetu za pini tatu, kwenu na kwetu, ni za ampia 13. Zidisha kwa volti 230 unapata kama wati 3,000. Wati 12,000 zinahitaji ampia zaidi ya 50. PMPO ni kilele cha kufikirika ambacho kila kiwanda kinakipima kinavyotaka. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo spika inaweza kuibeba muda wote. Sabufa yenye RMS ya wati 60 za kweli inatosha sebule ya kawaida, na majirani watajua umewasha.

flashi_mkononi

Wakuu mimi diski niliacha zamani. Najaza muvi kwenye flashi, nachomeka kwenye TV. Shida kuna muvi picha ipo safi, sauti hakuna kabisa. Mwenye duka anasema flashi mbovu.

Mleta uzi

Flashi ni nzima. Faili lako bila shaka linaishia na herufi MKV. MKV ni kikapu tu. Ndani yake picha imefungwa kwa namna moja na sauti kwa namna nyingine. TV yako inajua kufungua ile picha ila sauti ni DTS, na TV nyingi hazikulipiwa leseni ya DTS, kwa hiyo zinanyamaza. Mwambie mwenye duka akupe nakala yenye AC3 au AAC. AC3 ni jina jingine la Dolby Digital.

Kinyume chake kipo: sauti inasikika, picha ni giza. Hapo angalia kama jina la faili lina x265 au HEVC, ufungaji mpya zaidi ambao TV za zamani hazikufundishwa. Omba ya x264.

sina_haraka

Mimi nasema 4K ni mbwembwe za kuuzia TV. Macho ya binadamu hayaoni hiyo tofauti.

Mleta uzi

Mkuu, una hoja kubwa kuliko watu wanavyokubali. TV ya inchi 43 yenye nukta 1920 kwa 1080 kila nukta yake ina upana wa nusu milimita. Mtu mwenye macho mazuri akikaa mita tatu anaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kama milimita 0.9. Maana yake kwenye kochi lako hata nukta za Full HD huzioni moja moja, sembuse za 4K, 3840 kwa 2160. Ukitaka 4K ikulipe, TV iwe kubwa au usogee.

Lakini diski za 4K zilizoanza mwaka 2016 zilikuja na kitu kingine, HDR, na hicho macho yanakiona popote ulipokaa. Ni upana wa mwanga: jua linaloakisi kwenye bati linang'aa kweli na kivuli chini ya mwembe bado kina majani ndani yake. HDR10 inatoa maelekezo ya mwanga mara moja kwa filamu nzima. Dolby Vision na HDR10+ zinaelekeza tukio kwa tukio.

Ila hapo napo muwe macho na boksi. "Inapokea HDR" na "inaonyesha HDR" ni mambo mawili. Filamu hutengenezwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa kioo) 1,000 au hata 4,000, na TV nyingi za bei ya chini zinafika kama niti 300. Inapokea maelekezo, haina nguvu ya kuyatii. Ndivyo ilivyo pia kwa deki ya DVD iliyoandikwa 1080p: diski ni ileile ya mistari 576, deki inaijazia nukta za kukisia. Picha inatulia kidogo, lakini hakuna kipya kilichoongezwa.

Na kwa wanaosema diski zimekufa: Netflix inapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K. Ukiitumia yote kwa saa mbili ni GB 13.5 za bando lako. Diski ya 4K ya GB 100 inaruhusiwa kwenda mpaka megabiti 128 kwa sekunde, na ukirudia filamu mara kumi hulipi tena.

mgeni_wa_saundibaa

Nimenunua saundibaa ya 5.1 yenye spika za nyuma. Blu-ray naichomeka kwenye TV kwa HDMI, halafu kutoka TV waya wa mwanga (optical) kwenda saundibaa. Kwenye kioo chake inaandika PCM 2.0 siku zote. Nimeuziwa feki?

Mleta uzi

Usiirudishe bado. TV nyingi zikipokea sauti kwa HDMI huitoa kwenye waya wa mwanga ikiwa stereo tu. Sauti ya chaneli sita inafia ndani ya TV yako.

Angalia nyuma ya saundibaa kama ina HDMI mbili, moja ya kuingiza. Kama ipo, toa Blu-ray kwenye TV, ichomeke kwenye saundibaa moja kwa moja, halafu HDMI nyingine itoke saundibaa kwenda TV kwenye tundu lililoandikwa ARC, yaani linaloweza pia kurudisha sauti ya TV. Kisha ingia kwenye menyu ya Blu-ray, sehemu ya sauti, toa "PCM" weka "Bitstream". Kwenye deki za kawaida wanaandika "SPDIF/RAW". Maana yake ni kwamba mashine isifungue mzigo, iupeleke ulivyo, saundibaa ifungue yenyewe.

Kama haina HDMI ya kuingiza, ingia kwenye menyu ya sauti ya TV ujaribu "Bitstream" au "Auto" hapohapo. Waya wa mwanga unaweza kubeba Dolby Digital na DTS za 5.1, lakini TrueHD haupitishi. ARC ya kawaida nayo haipitishi TrueHD. eARC, toleo jipya la ARC, ndiyo inayopitisha.

mgeni_wa_saundibaa

HDMI ya kuingiza ipo, ilikuwa imefunikwa na kiplastiki cheusi sikuwahi kukitoa. Nimefanya ulivyosema. Sasa inaandika Dolby Digital 5.1. Mama watoto ametoka jikoni kuuliza nani anaongea nyuma ya mlango. Ila spika za nyuma naona zina sauti ndogo kuliko ya mbele.

Mleta uzi

Hongera sana mkuu. Umeziweka wapi? Kama ziko sakafuni, zipandishe juu kidogo ya masikio yako ukiwa umekaa, pembeni au nyuma kidogo ya kochi, zikielekea kwako. Kisha tafuta kwenye rimoti "Test Tone". Itapiga mvumo spika moja baada ya nyingine. Kaa pale unapokaa siku zote, ongeza za nyuma taratibu mpaka mvumo wa kila spika ulingane sikioni mwako. Ukimaliza weka tukio lenye mvua utuambie.